Ukitaka kupanga wakali wa mbio za hatua, soma dakika kwanza

Wageni wengi wa mchezo wa mbio za baiskeli huwapanga waendeshaji kwa kuhesabu nafasi. Huyu kashinda mara mbili, yule mara moja, basi huyu ndiye bora, mjadala umekwisha. Miaka yote hii ambayo nimekuwa nikipanga na kubishana kuhusu Tour de France, Giro d'Italia na Vuelta a España, mbio tatu kubwa za wiki tatu za Ufaransa, Italia na Hispania, zinazokimbiwa hatua moja kwa siku, nimeona mabishano mengi yakikwama hapo hapo. Nafasi inakuambia nani alimtangulia nani. Haikuambii alimwacha kwa kiasi gani, wapi, wala kwa nini. Mshindi wa mbio za wiki tatu ni yule ambaye jumla ya muda wake ni ndogo kuliko ya wenzake wote, kwa hiyo mchezo wenyewe unahesabiwa kwa dakika na sekunde. Anza hapo.

Chukua Tour ya 2025. Tadej Pogačar wa Slovenia alimshinda Jonas Vingegaard wa Denmark kwa dakika 4 na sekunde 24. Ukiona tofauti hiyo peke yake utadhani alikuwa akimwacha kila mlima. Sasa ifungue hatua kwa hatua. Kule Caen, siku ya tano, kwenye mbio dhidi ya saa, yaani kila mtu anakimbia peke yake na kupimwa muda, za tambarare za kilomita 33, Vingegaard alipoteza dakika 1 na sekunde 5. Hautacam, siku ya kumi na mbili, alipoteza dakika 2 na sekunde 10. Kesho yake, kupanda Peyragudes kila mtu peke yake dhidi ya saa, sekunde 36. Siku hizo tatu tu zimebeba karibu dakika nne. Lakini Mont Ventoux, ule mlima ambao kila mtu alikuwa akiusubiri, walitofautiana sekunde 2. Kule Col de la Loze, sekunde 9 barabarani.

Ukiyaona hayo, hukumu yako inabadilika. Pogačar bado ni namba moja, hilo halina ubishi. Ila sasa unajua kwamba Vingegaard wa wiki ya mwisho alikuwa karibu naye mno, na kwamba kilichomwangusha ni siku tatu mbaya za wiki mbili za mwanzo, mojawapo kwenye tambarare. Atakayekuuliza nani atashinda mbio zijazo, utamuuliza kwanza njia inapita wapi na milima mikubwa iko wiki gani. Jibu la namna hiyo lina maana kuliko kutaja jina tu.

Kuna jambo jingine ninalolisisitiza kwa kila anayeanza: usiwatazame wawili wa juu peke yao, mtazame na wa tatu. Tour ya 2023, siku ya kumi na sita, walikimbia dhidi ya saa kutoka Passy hadi Combloux, kilomita 22.4. Asubuhi ile Vingegaard alikuwa anaongoza kwa sekunde 10 tu. Pogačar alibadilisha baiskeli chini ya mlima wa Domancy, akachukua ile ya kawaida iliyo nyepesi zaidi ya kupandia. Vingegaard akabaki na baiskeli yake ya mbio dhidi ya saa mpaka mwisho. Alimshinda Pogačar kwa dakika 1 na sekunde 38. Wengi walisema Pogačar kaharibu, na wengi wao walilaumu kule kubadilisha baiskeli. Lakini wa tatu siku hiyo, Wout van Aert, alikuwa nyuma ya Vingegaard kwa dakika 2 na sekunde 51. Maana yake Pogačar alimwacha kwa zaidi ya dakika nzima bingwa mmojawapo wa mbio za aina hiyo. Siku ile Pogačar alikimbia vizuri sana, ila Vingegaard alikimbia kuliko ambavyo yeyote alitegemea. Aliyeporomoka kweli ni Pogačar wa kesho yake, Col de la Loze, alipopoteza dakika 5 na sekunde 45.

Hapo ndipo swali la sababu linapoingia. Aprili ya 2023 Pogačar alivunjika mkono karibu na kiganja kwenye Liège-Bastogne-Liège, mbio za siku moja za Ubelgiji, akaja Tour bila maandalizi ya kawaida. Aprili ya 2024 ikawa zamu ya Vingegaard: alianguka kwenye Itzulia, mbio za wiki moja za nchi ya Wabaski, akavunjika mfupa wa mtulinga na mbavu, na pafu likapata jeraha. Julai ile ile alimaliza wa pili kwenye Tour. Mashabiki wa kila upande huyatumia majeraha haya kufuta matokeo ya mwenzao na kuyatunza ya kwao. Mimi siyafuti matokeo. Ushindi ni ushindi na unabaki kwenye rekodi. Ninachopunguza ni uzito wake pale ninapokisia yajayo, na nawapunguzia wote wawili kwa kipimo kimoja.

Wasaidizi, yaani waendeshaji wanaomfanyia kazi kiongozi wa timu yao, nao usiwasahau. Vuelta ya 2023 kikosi cha Jumbo-Visma kilichukua nafasi zote tatu za juu: Sepp Kuss, Vingegaard, Primož Roglič. Mwenye kuhesabu nafasi atakuambia Kuss ni bora kuliko wote wawili. Fungua mbio zenyewe: Kuss alipata muda wake mkubwa siku ya sita, alipochomoka na kundi la mbele kuelekea Javalambre. Kule Angliru, siku ya kumi na saba, wenzake wawili walimwacha, akabakiwa na sekunde 8 tu za uongozi. Baada ya hapo timu ikaamua kumlinda. Nampenda Kuss, na jezi ile nyekundu ya mshindi wa Vuelta aliistahili kwa miaka aliyowavuta wenzake milimani, lakini haimfanyi kuwa mpanda bora kuliko Vingegaard.

Mbio za wiki moja zisikulevye. Richie Porte wa Australia alishinda Paris-Nice mara mbili, Tour de Romandie, Tour de Suisse na Critérium du Dauphiné, zote mbio za takriban wiki moja. Kwenye mbio za wiki tatu alipanda jukwaa la Tour mara moja tu, wa tatu, mwaka 2020. Wiki ya tatu ni mtihani mwingine kabisa: usingizi, tumbo, joto, kuanguka, siku moja mbaya. Ushindi wa wiki moja unaonyesha mtu ana miguu. Hauonyeshi kama itadumu.

Orodha ya pointi ya UCI, shirikisho la baiskeli duniani, nayo ina kazi yake, ila inajumlisha hata mbio za siku moja, kwa hiyo isikuongoze kwenye swali hili. Ukitaka mfano wa karibu, tazama mashindano ya dunia ya Kigali, Septemba 2025. Kwenye mbio dhidi ya saa Remco Evenepoel wa Ubelgiji alimfikia na kumpita Pogačar, aliyekuwa ameondoka mbele yake. Wiki moja baadaye Pogačar akashinda mbio za barabarani, Evenepoel akawa wa pili. Zilikuwa mbio za kupendeza mno, na kwetu huku ilikuwa fahari kuziona zikija Afrika kwa mara ya kwanza. Kuhusu siku ya kumi na nane ya Tour, hazisemi lolote.

Tenganisha pia swali la nani bora leo na lile la nani mkubwa wa wakati wote. Hili la pili ndilo linalohesabu mataji. Eddy Merckx ana mataji 11 ya mbio hizi kubwa tatu, Bernard Hinault 10, Jacques Anquetil 8. Chris Froome, aliyezaliwa Nairobi na kufunzwa huko na David Kinjah kabla ya kuchukua leseni ya Uingereza, ana 7, na kuanzia Julai 2017 hadi Mei 2018 alishinda yote matatu mfululizo. Moja ya hayo, Vuelta ya 2011, alikabidhiwa mwaka 2019 baada ya Juan José Cobo kuvuliwa taji hilo. Kwa hiyo hata orodha ya zamani usiiandike kwa wino usiofutika.

Kwa leo, baada ya msimu wa 2025, namba moja na mbili hazinisumbui. Ubishi halisi uko kwenye nafasi ya tatu. Roglič ana Vuelta nne na Giro moja, ile ya 2023, aliyoichukua kwa sekunde 14 baada ya mnyororo kumtoka akipanda Monte Lussari. Kwa rekodi hakuna anayemkaribia hapa. Lakini Giro ya 2025 alijitoa, na Tour alimaliza wa nane. Evenepoel alishinda Vuelta ya 2022 na akawa wa tatu Tour ya 2024, lakini kwenye Vuelta ya 2023 siku moja ya Tourmalet ilimpotezea dakika 27, na Tour ya 2025 alishuka baiskeli na kujitoa kwenye mlima ule ule.

João Almeida wa Ureno hajashinda hata moja ya mbio hizi kubwa. Mwaka 2025 alishinda Itzulia, Romandie na Suisse, na nimekwisha kusema mbio za wiki moja zisikulevye. Kinachonishawishi ni Vuelta ya mwaka huo. Angliru, kilomita za mwisho, yeye ndiye aliyekuwa mbele akivuta, Vingegaard kwenye gurudumu lake la nyuma, na Vingegaard hakuweza kumpita mpaka mstari wa mwisho. Baada ya wiki tatu alikuwa nyuma ya Vingegaard, aliyeshinda, kwa dakika 1 na sekunde 16 tu. Namweka wa tatu. Njia ikiwa na kilomita nyingi za mbio dhidi ya saa, nitambadilisha na Evenepoel bila kusita.