Ofisi ikifungwa ghafla: laptopu na VPN pekee hazitoshi

Mkuu, umeuliza hivi: una watu 18 ofisini, umeshawanunulia laptopu na kuwawekea VPN (njia salama ya kuingia kwenye mtandao wa ofisi ukiwa mbali), je, ofisi ikifungwa ghafla kesho mtaweza kuendelea na kazi mkiwa majumbani? Nimesoma majibu ya waliotangulia, wengi wamekwambia umeshamaliza. Mimi nakwambia bado, na nakusihi usome hadi mwisho kwa sababu sisi tuliamini hivyohivyo na yakatukuta.

Nasimamia mifumo ya kompyuta katika ofisi ya uhasibu. Tunawatunzia wateja hesabu zao na kuwaandalia mishahara ya wafanyakazi wao. WHO ilipotangaza tarehe 11 Machi 2020 kwamba COVID-19 ni janga la dunia, tulikuwa tayari. Kila mtu alikwenda nyumbani na laptopu, akaunganisha VPN, akaingia kwenye kompyuta yake ya mezani iliyobaki ofisini ikiwa imewashwa. Kazi zikaenda miezi mingi bila tatizo kubwa, nasi tukahesabu kwamba jambo hilo limekwisha.

Miaka miwili baadaye, usiku wa Ijumaa, bomba la maji la ghorofa ya juu lilipasuka. Maji yakashuka hadi chumba cha umeme na umeme wa jengo zima ukakatwa. Wazima moto wakafunga milango. Jengo lilifunguliwa siku ya 11, na usiku ule bomba lilipopasuka zilikuwa zimebaki siku tano tu kabla ya kulipa mishahara ya wateja.

Jumamosi asubuhi nilifungua laptopu nikabonyeza kuunganisha VPN. Ikazunguka, ikazunguka, ikaleta ujumbe kwamba seva, yaani kompyuta kuu inayotuhudumia sote, haipatikani. Nilijaribu mara nne kabla akili haijakubali. Ruta, kile kifaa kinachounganisha ofisi na intaneti, ilikuwa ndani ya lile jengo. Seva ya faili pia, na zile kompyuta za mezani ambazo watu walikuwa wakiziingia kutoka mbali. Mwaka 2020 tulihamisha watu, kazi yenyewe tukaiacha jengoni. Ilienda vizuri kwa sababu moja tu: umeme na intaneti ya ofisi havikukatika. Kwa hiyo swali la kwanza, mkuu, ni hili: hao watu wako 18 wakishaunganisha VPN, wanaingia wapi? Kama ni kwenye kifaa kilicho ofisini, basi umejiandaa kwa siku ambayo watu hawawezi kufika ofisini. Siku ambayo ofisi yenyewe haipo hujaiandalia chochote.

La pili lililotuumiza ni dogo kabisa. Benki ilikuwa ikituma namba ya kuidhinisha malipo kwenye simu moja ya ofisi, na simu hiyo ilikaa kwenye droo ya dada anayeshughulikia mishahara. Jumatatu alisimama nje ya jengo tangu asubuhi hadi mzima moto mmoja akakubali kumsindikiza ndani kwa dakika kumi, kwa tochi, viatu vikiwa majini. Akatoka na simu iliyoisha chaji. Tuliichaji kwenye gari huku sote tumeikodolea macho. Mishahara ya mamia ya watu, kodi zao za nyumba na ada za watoto wao, ilikuwa inasubiri ile simu iwake. Sijasahau uso wa yule dada siku ile.

Baada ya hapo tulianza upya, na safari hii hatukuanza na vifaa. Nilikaa na kila mfanyakazi, mmoja mmoja, nikamwambia: fanya kazi yako kama kawaida, mimi naangalia. Kila alichogusa nilikiandika. Ukimuuliza mtu anatumia nini, atakutajia programu mbili tatu. Ukimtazama akifanya, utaona anainuka kugonga muhuri, anafungua faili la Excel lililo kwenye kompyuta ya mwenzake, anampigia mtu fulani kwa namba iliyobandikwa ukutani. Hivyo ndivyo vinavyokwamisha kazi ofisi ikifungwa, na hutavikuta kwenye orodha ya vifaa. Zoezi hilo lilinichukua wiki mbili na sijawahi kufanya kazi yenye faida zaidi ya hiyo.

Kisha kila kazi tukaiuliza maswali mawili. Inaweza kusimama kwa muda gani kabla mteja hajaumia? Na tukipoteza data, tunaweza kuvumilia kupoteza ya saa ngapi? Mishahara ilijibu siku moja ya kusimama na saa moja ya data. Ripoti za robo mwaka zinaweza kungoja wiki. Usipotenganisha hivyo utatumia fedha nyingi kulinda visivyo na haraka.

Barua pepe na mishahara tukavihamishia kwenye wingu. Mfumo mkubwa wa hesabu haukuhamishika kirahisi, kwa hiyo tukakodi seva kwenye kituo cha data na watu wanaingia huko moja kwa moja, ofisi haihusiki tena. Lakini wingu nalo ni kompyuta zilizo kwenye jengo la mtu mwingine. Tarehe 10 Machi 2021 moto uliteketeza kituo cha data cha SBG2 cha kampuni ya wingu ya OVHcloud kule Strasbourg, Ufaransa, na wapo wateja waliopoteza data zao moja kwa moja. Kwa hiyo shikilia kanuni ya zamani: nakala tatu za data, kwenye aina mbili za hifadhi, na moja iwe mahali pengine kabisa. Sisi bakapu yetu, yaani nakala ya akiba, ilikuwa kwenye diski ndani ya kabati lilelile la seva.

Na bakapu ijaribuni kuirudisha. Piga hesabu: gigabaiti 500 kupitia laini ya megabiti 20 kwa sekunde ni zaidi ya saa 55, hata laini ikienda kwa kasi yake yote bila kuyumba. Ukiwa umemuahidi mteja siku moja, umeshakwama kabla hujaanza.

Kuhusu usalama nitakuwa mkali kidogo. Usifungue RDP, ile njia ya kuendesha kompyuta ya Windows kutoka mbali inayopitia poti 3389, moja kwa moja kwenye intaneti, hata kwa siku moja ya dharura. Wezi wanaitafuta mtandaoni usiku na mchana, na wakiipata wanaingia, wanafunga mafaili yenu na kudai fedha. Kila akaunti iwe na uthibitisho wa hatua ya pili baada ya neno la siri, ikiwezekana kwa programu inayotoa namba mpya kila sekunde 30 badala ya SMS. Na futa akaunti za walioondoka. Colonial Pipeline ya Marekani ilivamiwa mwaka 2021 kupitia akaunti ya zamani ya VPN isiyokuwa na hatua ya pili, ikalazimika kusimamisha bomba lake la mafuta. Zile namba za akiba za kurejesha akaunti zichapishe, watu wawili wakae nazo kwenye nyumba tofauti.

Angalia pia leseni ya VPN yako inaruhusu watu wangapi kwa wakati mmoja. Wengi hununua kwa ajili ya watu watano wanaosafiri, siku ya dharura wa sita anafungiwa nje.

Halafu watu wenyewe. Katika zile siku 11 kijana wetu mmoja alikuwa kimya siku mbili tukadhani anatega, kumbe kwake bando limeisha na aliona aibu kusema. Kampuni ilipe intaneti ya nyumbani, isingoje mtu aombe. Orodha ya nani anampigia nani iwe kwenye karatasi nyumbani kwa kila mmoja, maana ikiwa kwenye seva iliyozama haikusaidii kitu. Na kila kazi muhimu iwe na mtu wa pili aliyewahi kuifanya kwa mkono wake, kumwonyesha tu hakutoshi.

Sasa kila baada ya miezi mitatu nachagua siku, nazima ruta ya ofisi asubuhi, tunaendesha kazi bila jengo hadi jioni. Mara ya kwanza yalikwama mambo tisa. Mara ya mwisho faili la mishahara ya majaribio lilikuwa limeidhinishwa kabla ya saa tano asubuhi, lakini simu za wateja zilikuwa bado zinaita kwenye meza tupu, hatukuwa tumezielekeza kwenye simu za mkononi. Hilo ndilo ninalolishughulikia wiki hii.

Wewe anza na saa moja tu, mkuu. Chagua siku isiyo na presha, waarifu mapema, zima ruta, ukae na daftari uandike nani amekwama na amekwamia wapi. Ukipata orodha yako iweke hapa, nitaipitia pamoja nawe.