Ghent Jumamosi, Bruges Jumapili: Namna ya Kuupanga Mwisho wa Juma Ubelgiji

Wanafunzi wengi wa Afrika Mashariki wanaofika Ubelgiji kwa ufadhili wa masomo, kama nilivyofika mimi Leuven, hutamani kuimaliza Brussels, Ghent na Bruges kwa siku mbili. Ushauri wangu ni kuiacha Brussels kwa siku nyingine, kisha Jumamosi iwe ya Ghent na Jumapili iwe ya Bruges, wala si kinyume chake.

Mpangilio huo unatokana na ibada. Makanisa yenye hazina kubwa katika miji hii bado yana waumini wake, na Jumapili asubuhi ni zamu yao. Mtalii hukaribishwa kuanzia mchana. Kwa hiyo mchoro wa madhabahuni wa ndugu wawili, Hubert na Jan van Eyck, uliomo katika kanisa kuu la Mtakatifu Bavo mjini Ghent, uuone Jumamosi asubuhi, kwa tiketi ya saa maalumu uliyoinunua mapema mtandaoni. Mchoro huo ulikamilika mwaka 1432. Usimame kwanza mbali kidogo umwone Mwanakondoo, ishara ya Kristo, aliyechorwa katikati, na makundi yanayomjia kutoka kila upande, halafu usogee kadiri unavyoruhusiwa uchunguze nyasi, vito na mikunjo ya mavazi. Mchoro huo umeungwa kwa mbao kadhaa, na ule wa waamuzi waadilifu, ulio chini kushoto, ni nakala, kwa kuwa ule wa asili uliibwa mwaka 1934 na haujapatikana hadi leo.

Baada ya hapo Ghent haihitaji ratiba. Ngome ya Gravensteen, iliyojengwa mwaka 1180, iko umbali wa kutembea kwa miguu, na ukisimama juu ya daraja la Mtakatifu Mikaeli utaiona minara mitatu ya mji ikiwa imefuatana. Jioni panda treni kwenda Bruges. Ni safari ya nusu saa hivi, na treni za ndani za Ubelgiji hazina utaratibu wa kuweka nafasi ya kiti.

Kulala Bruges ni ghali, na wenzangu wengi huona ni heri kurudi Brussels. Mimi naona fedha ya chumba hicho ndiyo inayotumika vizuri kuliko nyingine yoyote katika safari hii, kwa sababu wageni wengi huja asubuhi na kuondoka jioni, na wakishaondoka mji hubaki na wenyeji, mifereji na wewe uliyelala. Tembea usiku ule ule, ukikumbuka kwa nini nyumba hizo za kale zipo. Bruges ilitajirika kwa biashara iliyopita katika mkono wa bahari wa Zwin, ambao baadaye ulijaa mchanga na tope. Wafanyabiashara wakahamia Antwerp, na mji ukadidimia. Aliyekosa fedha za kubomoa na kujenga upya aliishi katika nyumba ya babu yake, na ndiyo hiyo tunayoipiga picha leo.

Jumapili uamke mapema uende Begijnhof, makazi ya wanawake wacha Mungu yaliyoanzishwa mwaka 1245, ambako sasa wanaishi masista wa Kibenedikto na wageni huombwa wanyamaze. Kisha uwahi mnara wa kengele ufunguliapo, kwa maana ngazi zake 366 huzidi kuwa nyembamba kadiri unavyopanda, na wanaoshuka hutumia ngazi hizo hizo. Mwenye matatizo ya magoti asijilazimishe. Kengele zake 47 husikika vizuri tu kutoka uwanjani, tena karibu na vibanda vya chipsi. Mchana ingia Kanisa la Mama Yetu uione sanamu ya marumaru ya Bikira Maria na Mtoto, kazi ya Michelangelo, ambayo Wafaransa waliichukua mwaka 1794 na Wajerumani mwaka 1944, na mara zote mbili ikarudishwa.

Mashua za mifereji huzunguka kwa takriban nusu saa, lakini wakati wa baridi kali hazifanyi kazi, basi anayesafiri Januari asizitegemee. Viatu viwe vya soli nene, kwa kuwa mitaa imetandazwa mawe yanayoteleza mvua inaponyesha, na sarafu chache ziwe mfukoni kwa ajili ya vyoo vya kulipia.