Kabla mlipuko wa ugonjwa haujaingia: ninayowaambia walezi wapya wa nyumba za wazee

Watu wetu wengi wanaokuja Australia kusoma huishia kufanya kazi katika nyumba za wazee. Nami niko kwenye kazi hiyo hapa Sydney, na kila baridi ya Juni ikikaribia, wadogo zangu wanaoanza huniuliza yale yale: nivae nini, nisafishe na nini, nikiugua nifanyeje? Ni maswali ya maana na nitayajibu. Lakini kuna jambo linalotangulia yote hayo. Ugonjwa ukishaingia ndani ya nyumba, kinachomwokoa mzee ni kuwa na mtu anayemjua. Barakoa na gauni ni lazima, ila haziwezi kukuambia kwamba bibi wa chumba cha mwisho leo hayuko sawa.

Mzee wa miaka 88 akishikwa na homa ya mafua au Korona, mara nyingi joto halipandi. Kikohozi nacho kinaweza kuchelewa au kisije kabisa. Utakachokiona ni kwamba mazoea yake yamebadilika: amechanganyikiwa ghafla, ameanguka ilhali huwa anatembea vizuri, amelala mchana kutwa, amesukuma sahani pembeni. Nilimhudumia bibi mmoja ambaye kwake chai ya saa nne ilikuwa sharti. Sukari mbili, biskuti ya kuchovya, na ukichelewa anagonga meza kwa kijiko. Asubuhi moja chai ikapoa mbele yake. Hakukohoa, na kipimajoto kilisoma 36.9. Nilimwambia muuguzi wa zamu, naye akampima puani palepale. Majibu yakaja: homa ya mafua aina ya A. Kwa kuwa ilijulikana mapema, daktari alimwanzishia oseltamivir, dawa ya kupambana na mafua, ndani ya saa 48 tangu dalili zianze, muda ambao dawa hiyo husaidia zaidi, na wenzake wa meza moja wakaanza kufuatiliwa kabla ya chakula cha jioni.

Kwa hiyo, ndugu yangu, usingoje uhakika. Tumelelewa kutomsumbua mkubwa kwa jambo dogo, na ukiwa mgeni mwenye lafudhi yako, mbele ya muuguzi mwenye haraka, ulimi unakuwa mzito zaidi. Sema tu. Sema "leo hayuko kama jana," taja ulichokiona na saa uliyokiona, kisha hakikisha kimeandikwa. Mlipuko hapa huhesabiwa kwa saa. Kwa magonjwa ya njia ya hewa, wagonjwa huhesabiwa ndani ya saa 72, na kwa kutapika na kuharisha, wakazi wawili ndani ya saa 24 wanatosha kupiga simu kwa maofisa wa afya ya jamii. Ukinyamaza zamu moja ya saa nane, theluthi ya hizo saa 24 imeshapotea.

Sasa nije kwenye jambo gumu zaidi, maana linagusa mfuko. Wengi wetu ni vibarua wa kuitwa. Kibarua hapa hupewa nyongeza ya asilimia 25 juu ya malipo ya saa, na kwa sababu hiyo hana likizo ya ugonjwa yenye malipo. Mwanafunzi naye ana kikomo cha saa 48 za kazi kwa kila wiki mbili wakati wa masomo. Ongeza kodi ya nyumba, karo, na mama nyumbani anayesubiri kutumiwa hela, utaelewa kwa nini mtu anaamka koo linamkwaruza, anameza panadol na kukimbilia basi. Na kwa sababu saa hazitoshi, anafanya kazi nyumba mbili au tatu, akiupeleka ugonjwa kutoka hii kwenda ile. Mwanzoni mwa 2020, Korona ilipoingia nyumba za wazee za Kirkland na vitongoji vyake, jimbo la Washington, Marekani, wachunguzi wa afya walitaja mambo hayo mawili waziwazi: wafanyakazi waliokwenda kazini wakiwa na dalili, na wafanyakazi waliohudumu nyumba zaidi ya moja.

Simlaumu mtu anayesukumwa na shida. Ila namwambia kila kibarua: ile asilimia 25 ihesabu kama pesa ya ugonjwa. Itenge kidogo kidogo tangu malipo ya kwanza, mpaka ifike siku unaweza kukosa wiki nzima ya kazi na kodi ikalipwa. Na nyinyi ndugu zetu ambao sasa ni mameneja, mnawajua watu hawa kuliko mkubwa yeyote wa kampuni. Pigeni hesabu mapema ya kumlipa kibarua mnayemwambia abaki nyumbani. Kumpigia mtu mwenye mafua saa kumi na moja alfajiri na kumbembeleza "njoo tu, utavaa barakoa" ni kuwaletea wazee ugonjwa kwa mikono yenu. Aliyetapika au kuharisha asirudi kazini hadi saa 48 zipite tangu dalili ya mwisho.

Kuna somo lingine, nalo lilikuja kwa gharama kubwa. Julai 2020 Korona iliingia St Basil's, nyumba ya wazee iliyoko Fawkner, Melbourne. Wafanyakazi wote wa nyumba hiyo waliamriwa kujitenga kwa kuwa walikaa karibu na wagonjwa, na nafasi zao zikachukuliwa na watu wapya kabisa. Fikiria mwenyewe: umeingia jengo usilolijua, wazee wengi wana ugonjwa wa kusahau, hawawezi kukutajia majina yao, na hakuna mwenyeji wa kumuuliza. Ushahidi uliotolewa baadaye mbele ya mchunguzi wa vifo ulieleza wazee waliokosa chakula, maji na matunzo ya msingi. Wakazi 50 walifariki, 45 kati yao kwa Korona.

Tangu nilipoisoma habari hiyo, nimekuwa nikiwasihi wenzangu kuandika karatasi moja kwa kila mkazi, ibandikwe ndani ya mlango wa kabati lake. Kwenye kompyuta peke yake haitoshi, maana mfanyakazi wa muda anayeletwa na wakala usiku huenda asipate nenosiri hadi asubuhi. Bandika picha yake na jina analopenda kuitwa. Andika kama anakunywa maji ya kawaida au yaliyotiwa dawa ya kuyafanya mazito, maana hapo ukikosea anapaliwa. Andika kama meno ni ya bandia, kifaa cha kusikia ni cha sikio lipi, anageuzwa upande gani kitandani, na kinachomtuliza akianza kulia jioni. Andika na lugha. Wazee waliohamia hapa zamani kutoka Ugiriki au Italia, ugonjwa wa kusahau ukizidi, Kiingereza huwaponyoka wakabaki na lugha ya utotoni. Maneno matano ya Kigiriki, yaani maji, choo, maumivu, chakula na mwanao, yakiandikwa kama yanavyotamkwa, yanamsaidia mgeni na mzee vilevile.

Upande wa usafi, nitakaa kwenye norovirusi, maana ndiyo inayowachanganya wengi. Huyu ni mdudu wa kutapika na kuharisha, na chembe zisizofika 100 zinatosha kumwangusha mtu. Sanitaiza ya alkoholi haimmalizi vizuri. Nawa kwa sabuni na maji yanayotiririka, usugue hadi kati ya vidole. Sakafu na choo, ondoa kwanza uchafu wenyewe, ndipo upake klorini ya nguvu ya sehemu 1,000 kwa milioni, uiache muda ulioandikwa kwenye chupa. Aliyekulia mji uliopigwa na kipindupindu anajua kazi ya jiki. Kosa ninaloliona ni kuimwaga juu ya uchafu na kufuta hapohapo. Halafu kuna sehemu zinazosahaulika: kitufe cha kumwita mlezi, rimoti ya televisheni, mishikio ya kigari cha kutembelea, na upande wa chini wa kiti cha choo.

Kuvaa vifaa hakuna shida sana. Watu hujichafua wakati wa kuvua. Glavu kwanza, kisha safisha mikono. Gauni, likunjwe kwa ndani, mikono tena. Miwani, mikono tena. Barakoa iwe ya mwisho, ukiwa umeshatoka chumbani. Fanyeni mazoezi wawili wawili, mmoja avue na mwingine amwangalie, wakati nyumba imetulia.

Mzee mwenye ugonjwa wa kusahau anayezungukazunguka hawezi kuamriwa akae chumbani, na kumfungia mlango ni kumtesa. Mpe mtu mmoja wa kutembea naye kila zamu, mtafutieni ukumbi wake, na kila anaposhika pafutwe. Familia pia zisifungiwe nje zote. Tuliona wazee wakikonda na kunyamaza kwa kukosa sauti waliyoizoea. Chagueni mapema ndugu mmoja kwa kila mkazi, afundishwe kuvaa na kuvua kama sisi, ili hata siku za mlipuko aweze kuja kumlisha mzazi wake.

Ukienda kuomba kazi, uliza nani ndiye muuguzi anayesimamia kuzuia maambukizi. Tangu Desemba 2020 kila nyumba ya wazee hapa inatakiwa kuwa naye. Uliza sanduku la vifaa vya mlipuko liko wapi, na kama zamu ya usiku ina ufunguo wa stoo, maana ugonjwa hauchagui saa za ofisi. Uliza utalipwaje ukiambiwa ubaki nyumbani. Chanjo ya mafua huanza kutolewa karibu na Aprili, na kinga huchukua kama wiki mbili kujijenga, kwa hiyo usiiache hadi Juni. Mwajiri anatakiwa kukupatia bure, na kama wako hajaitaja kufikia mwisho wa Aprili, mfuate umuulize ni siku gani.