Re: Mataruma ya mbao yalichongwaje kabla ya mashine?

Mkuu, umeuliza walivyotengeneza mataruma, yaani mbao zinazolazwa chini ya reli, bila mashine. Nitakujibu kwa Wyoming, Marekani, maana ndiko ninakokujua vizuri zaidi.

Mchongaji aliangusha msonobari, akaukata matawi, kisha akapiga mstari ubavuni kwa uzi wa chaki. Akapanda juu ya gogo akilikata mikato mfululizo, isivuke mstari. Halafu ndipo linakuja shoka pana, na hapa ndipo penye ufundi: limenolewa upande mmoja tu, na mpini umepinda kidogo nje ili vidole visikwaruzwe na gogo. Analishusha sambamba na ubavu, vipande vinabanduka, uso unabaki laini kama uliopigwa randa. Huchonga pande mbili tu. Mbili zilizobaki anabandua magome, basi. Mwisho gogo linakatwa vipande vya futi 8.

Kazi ilishamiri majira ya baridi, maana mizigo ilivutwa na farasi juu ya theluji. Barafu ikiyeyuka, mataruma yalitupwa mtoni yaelee. Kwenye Wind River, mto wa huko Wyoming, walifanya hivyo hadi 1946.

Kuhusu kuoza: msonobari mtupu hauvumilii ardhini, ndiyo maana reli nyingi zikahamia kwenye mbao zilizotiwa kreosoti, mafuta ya kuzuia kuoza.