Bi Frisby alibisha hodi: niliyojifunza kwa mama panya mwanangu alipougua nimonia

Mwaka juzi, kwenye baridi ya Julai, kitinda mimba wangu aliugua nimonia. Alikuwa na miaka mitatu. Siku mbili nzima nilijiambia ni mafua. Nilimkanda kwa maji ya vuguvugu, nikampa dawa ya homa, nikanyamaza. Baba yao alikuwa safarini. Jirani zangu wako hatua kumi kutoka mlangoni pangu, na hakuna niliyemwambia. Niliona ni aibu kusumbua watu kwa kikohozi. Usiku wa pili nilimfunua shati nikaona ngozi chini ya mbavu inabonyea kila akivuta pumzi, na hapo nikagonga mlango wa jirani saa nane usiku, nimefunga kanga moja. Alitoka akatazama mtoto, akasema, "Mwenzangu, ungeniambia tangu jana." Kisha akamwamsha mwanawe mwenye bodaboda.

Mtoto alipona. Wiki aliyokuwa amelala nyumbani akimalizia dawa, binti yangu mkubwa, wa miaka kumi, aliniomba niwasimulie kitabu nilichokuwa nacho tangu nikiwa chuoni. Nilikisoma kwa Kiingereza kimoyomoyo na kuwapa kwa Kiswahili, sura moja kila jioni. Nilidhani nakijua. Safari hii kilinikamata koo, kwa sababu kinaanza na mama ambaye mtoto wake mdogo ana nimonia.

Mama huyo ni Bi Frisby, mjane, mama wa Teresa, Martin, Cynthia na Timothy. Ni panya wa shamba, wale wadogo wanaoenea kiganjani. Alitungwa na mwandishi wa Marekani Robert C. O'Brien, na kitabu, Mrs. Frisby and the Rats of NIMH, kilitoka 1971 kikapata nishani ya Newbery mwaka uliofuata. Mwaka 1982 Don Bluth, aliyekuwa ameondoka Disney mwaka 1979 na wachoraji wenzake, alitoa filamu ya katuni kutokana nacho, The Secret of NIMH. Humo jina lake ni Bi Brisby.

Shida yake ni hii. Familia inaishi ndani ya tofali la saruji lenye matundu, lililofukiwa nusu kwenye bustani ya mkulima, Bwana Fitzgibbon. Baridi ikiisha, trekta litakuja kulima na plau itapita juu ya nyumba. Kila mwaka wao huhama kabla ya siku hiyo. Mwaka huu Timothy hawezi kutolewa nje. Hewa baridi itamuua. Akibaki, plau itamuua.

Sasa angalia anachofanya. Anakwenda kwa mzee Ages, panya mweupe anayetengeneza dawa, safari ndefu kwa miguu yake midogo, katika shamba lenye paka anayeitwa Dragon. Akiwa njiani kurudi anamkuta kunguru kijana, Jeremy, amenaswa na uzi kwenye ua, naye paka anakaribia. Anausaga ule uzi kwa meno mpaka ukakatika. Baadaye Jeremy ndiye anayembeba mgongoni kumpeleka kwa bundi, na bundi, kama mnavyojua, chakula chake ni panya. Bi Frisby anaingia kwenye tundu la bundi kwa miguu yake mwenyewe kuuliza afanyeje na mtoto wake. Bundi anamtuma kwa panya wakubwa walio chini ya kichaka cha mawaridi. Huko nako anakwenda. Anafukuzwa mlangoni na mlinzi, anarudi tena.

Katika katuni za zamani mama wanyama wengi huondolewa mapema ili mtoto abaki peke yake na hadithi ianze. Mama yake Bambi, 1942, anapigwa risasi. Mama yake Dumbo, 1941, anafungiwa kwa sababu alimtetea mwanawe. Tunawalilia, na ni haki yao kuliliwa. Lakini nilikua nikiamini kwamba mama mwema ni yule anayebeba mzigo kimya mpaka umwangushe. Bi Frisby anaogopa katika kila ukurasa, na katika kila ukurasa anabisha hodi kwa mtu mwingine. Upendo wake wote uko katika huko kubisha hodi.

Kwa hiyo mama mwenzangu, ukiwa na mtoto anayekohoa na kuhema, usisubiri usiku wa pili kama mimi. Mtulize, mfunue kifua, hesabu pumzi kwa dakika nzima, usikadirie kwa robo dakika. Mtoto wa mwaka mmoja hadi mitano akifikisha pumzi 40 au zaidi kwa dakika, anahema haraka kupita kawaida. Wa miezi miwili hadi kumi na moja, ni 50. Ukiona anahema hivyo, mpeleke zahanati siku hiyo hiyo. Na ukiona kifua kinabonyea ndani, au hawezi kunyonya wala kunywa, au amelegea hashtuki, usihesabu chochote, nenda muda huo huo hata kama ni usiku wa manane. Ndiyo, utawaamsha watu. Waamshe.

Kuna jambo dogo kwa bundi ambalo nililipita miaka yote na sasa nalishika sana. Bundi anamwambia akawaombe panya wakubwa waihamishie nyumba kwenye demani ya jiwe. Watu wa pwani wanalijua neno hilo: upande ambao chombo kimekingwa na upepo. Bi Frisby hakuelewa vizuri upepo unahusu nini na trekta. Hata hivyo aliyabeba maneno yale kama yalivyo, akayafikisha kama yalivyo, na panya wakubwa wakaelewa mara moja: nyuma ya jiwe kubwa plau haipiti. Mimi nilipotoka zahanati na vidonge vya kuyeyusha nilikuwa nimechoka hata sikumbuki nimeambiwa vingapi. Ilibidi nirudi kuuliza. Siku hizi mhudumu akimaliza kueleza, namrudishia maneno yake mbele yake: vidonge vingapi, mara ngapi, siku ngapi, nirudi lini. Hakuna aliyewahi kunikasirikia. Na dozi imalizwe, hata mtoto akianza kukimbia uani siku ya tatu.

Wale panya wakubwa wanahitaji maneno mawili, maana watoto watakuuliza. Walitoroka maabara ya NIMH, taasisi ya taifa ya afya ya akili ya Marekani, ambako katika hadithi hii walidungwa sindano zilizowafanya wajue kusoma na kutumia umeme. Wanangu hawakuona ajabu. Wanajua kwamba pale Morogoro, katika Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, shirika la APOPO hufundisha panya buku kunusa mabomu ya ardhini na kifua kikuu. "Kumbe ni ndugu zao," alisema yule mdogo, na tukaendelea.

Panya wakubwa wanakubali kuihamisha nyumba usiku, lakini paka lazima kwanza alale. Mtu aingie jikoni kwa mkulima atie dawa ya usingizi kwenye chakula cha paka, na tundu la kuingilia ni dogo, panya mkubwa hapiti. Mzee Ages amevunjika mguu kwa kazi hiyo. Jonathan, mume wa Bi Frisby, alifia kazi hiyo hiyo. Na Bi Frisby anasema atakwenda yeye. Hapo nilisimama kusoma kidogo, watoto wakidhani nimepoteza mstari. Aliyekuja kuomba ndiye sasa anayetoa, wala hakuna aliyemdai. Jirani yangu alipojifungua miezi michache baadaye, nilijua pa kuanzia: nilimpikia uji na kumfulia nguo kwa wiki mbili bila kungoja aniombe.

Filamu nayo waonyesheni watoto, michoro yake ni ya mkono na inapendeza mno. Ila bundi wa mle anatisha, na sehemu ya maabara pia. Wangu wa miaka mitatu nilimzuia, ningengoja afike saba au nane, tena mchana, mzazi akiwa amekaa pembeni. Na nina lalamiko moja kwa filamu ambalo silifichi: mle nyumba inapozama matopeni, inayoiokoa ni nguvu ya jiwe la ajabu analovaa mama shingoni. Kitabuni inahamishwa na panya wanaosukuma na kuvuta kwa mikono yao. Nataka wanangu wajue ile ya mikono.

Mwisho wa kitabu Timothy amepona, wamehamia nyumba yao ya kiangazi kando ya kijito, na Bi Frisby anawasimulia watoto habari yote, pamoja na ya baba yao. Nasi ugonjwa tusiwafiche wakubwa nyumbani. Usiku ule nilimwambia binti yangu "lala, si kitu," naye hakulala, alikaa gizani akisikiliza ndugu yake anavyohema na hakujua afanye nini. Nilimwomba radhi. Kisha nikamfundisha kuhesabu. Mpaka leo mdogo wake akikohoa mara mbili tu, huja na simu yangu, anaifungua kwenye saa, anamfunua shati na kumwambia, "Tulia, usicheke, naanza."