Maswali ya Maabara: Sukari Zinazogoma Kuungana

SWALI: Naunganisha sukari mbili kwa trikloroasetimideti (kundi linalowekwa kwenye sukari moja ili liondoke na kuacha nafasi ya kuungana), lakini mtoaji, yaani sukari yenye kundi hilo, huishia na haidroksili (OH) kwenye kaboni ya kwanza. Tatizo nini?

JIBU: Maji, karibu kila mara. Njia hii aliyoianzisha Richard Schmidt mwaka 1980 haivumilii unyevu hata kidogo. Kausha chekeche za molekuli (punje zinazonyonya maji) za 4 Å kwa nyuzi 300 chini ya ombwe. Zinazotoka chupani moja kwa moja usiziamini. Zikoroge na sukari zote mbili katika daiklorometheni kavu, ndani ya agoni, nusu saa. Ndipo upoze hadi −20 na kutia kichocheo, TMSOTf, moli 0.05 hadi 0.1 kwa kila moli ya mtoaji. Zima mmenyuko kwa trietilamini. Ukitaka muungano wa beta (unaoelekea juu ya pete ya sukari) kwa glukosi, weka kundi la kinga la benzoili kwenye kaboni ya pili. Asetili, kundi jingine la kinga, hupenda kuhamia kwa mpokeaji, yaani ile sukari ya pili.