Simu ndani ya kopo: namna ya kumtungia kijana hadithi ya utenzi

Msomaji mmoja, mwalimu wa Kiswahili, ameniletea utenzi wa beti 90 kuhusu hatari za simu, akiuliza kwa nini wanafunzi wake wa kidato cha pili walianza kupiga miayo kabla ya ubeti wa 15. Mizani (hesabu ya silabi) iko sawa, vina (sauti za kumalizia mishororo) viko sawa. Nimesoma zote 90. Huu hapa mfano wa aina ya ubeti ulioujaza:

Vijana sikilizeni,
simu hizo ziacheni,
zitawatia shimoni,
mje mkajijutia.

Hesabu: mishororo minne, mizani minane kila mmoja, vina vitatu vya -ni na kituo, yaani mshororo wa mwisho, cha -a. Mtihani ungempa alama zote. Lakini katika ubeti mzima hakuna mtu, hakuna mahali, hakuna kinachotokea. Kijana amekwisha kuambiwa maneno haya kwenye gwaride la asubuhi. Hana sababu ya kuyasoma tena kwa vina.

Sasa weka simu hiyo mahali fulani. Bweni la wasichana, saa nne usiku, simu hairuhusiwi, imefichwa kwenye kopo la sukari, na msimulizi ndiye aliyeificha:

Mlezi kashika tochi,
hata kitanda haachi,
afungua kila pochi,
simu koponi yawaka.

Ni mama anipigia,
kopo laanza kulia,
juu yake nakalia,
jasho shingoni lashuka.

Mizani ni ile ile. Kilichobadilika ni kwamba kila mshororo una kitu cha kushika: tochi, kitanda, pochi, kopo. Kipimo changu ni rahisi: soma ubeti wako, kisha jiulize mchoraji angechora nini. Kama hana cha kuchora katika beti tatu mfululizo, msomaji wa miaka 14 ameshaondoka.

Kuna atakayesema utenzi tangu zamani ni chombo cha mawaidha, na atamtaja Mwana Kupona binti Mshamu, ambaye utendi wake wa mwaka 1858 ni wasia mtupu. Kweli. Lakini Mwana Kupona hakuwaandikia "vijana". Alikuwa mgonjwa, na alimwandikia binti yake mmoja, msichana aliyekaribia miaka 17, akimwita aje karibu. Wasia ule una uso wa anayesema na uso wa anayeambiwa. Ukitaka kuusia, usia hivyo: mhusika mmoja kwa mhusika mwingine, ndani ya hadithi, na anayeusiwa awe na haki ya kununa.

Kabla ya ubeti wa kwanza, chagua kina cha kituo, kile ambacho wengi hukiita bahari. Hapa ndipo kazi nyingi huharibika bila mtunzi kujua, kwa sababu katika utenzi vina vya mishororo mitatu hubadilika kila ubeti, lakini cha nne hukaa hadi mwisho. Hadithi ya beti 300 inahitaji kituo hicho mara 300. Chukua daftari, andika maneno 120 yenye kina unachokitaka. Ukikwama kwenye 60, kiache hicho, tafuta kingine.

Watunzi wengi hukimbilia -ia kwa kuwa ni rahisi. Urahisi wake ndio mtego. Ili kufika kwenye -ia, unaanza kugeuza vitenzi kuwa kauli ya kutendea pasipo sababu: unaandika "chakula akapikia" ukimaanisha akapika, na msomaji anabaki kuuliza alimpikia nani. Baada ya beti 40 Kiswahili chako kimepinda chote. Katika ubeti wa pili hapo juu nimetumia -ia mara tatu, lakini "anipigia" ni kauli halali ya kupigiwa simu, na "kulia" na "nakalia" ndivyo tunavyosema kila siku. Hiyo ndiyo tofauti.

Kina cha -ka kinafaa hadithi yenye mwendo: fika, toka, shuka, anguka, cheka, kumbuka, haraka, mwaka, shaka, pamoja na vitenzi vingi vya kutendeka kama vunjika na katika. Cha -ni kinakupa mahali (shuleni, njiani, kituoni) na, jambo ambalo watunzi hulisahau, kinakupa maswali: nani, nini, gani, lini, kwa nini. Hadithi ya upelelezi ingekaa vizuri hapo. Cha -ko kinafaa hadithi inayosemwa kwa mtu, kama barua, maana yako, wako, kwako na huko vinakusubiri. Jihadhari na -wa. Kitakuvuta kwenye kauli ya kutendwa: akaitwa, akapigwa, akafukuzwa. Mhusika mkuu anakuwa mtu wa kufanyiwa mambo tu, naye kijana hampendi shujaa wa namna hiyo.

Je, unaweza kubadili kituo katikati ya hadithi? Mapokeo hayapendi. Mimi naruhusu kwa sababu moja tu: msimulizi anapobadilika. Binti akisimulia kwa -ka na mlezi wa bweni kwa -ni, msomaji atajua nani anasema hata kabla ya kuona jina. Kubadili kwa kuwa maneno yamekuishia ni jambo jingine, na msikilizaji hulisikia.

Mizani ihesabu kwa sikio, si kwa herufi. M inayosimama peke yake ni mizani moja: m-to-to ni tatu, m-le-zi ni tatu. Nyu-mba ni mbili. Kaa ni mbili. Maneno ya mkopo yenye konsonanti zilizobanana ndiyo yanayoleta ugomvi: daktari husomwa da-k-ta-ri, mizani minne, na labda huwa la-b-da, tatu. Neno matroni ndilo hasa linalosemwa mabwenini, lakini mmoja atalisoma kwa mizani mitatu na mwingine minne. Ndiyo maana nikachukua "mlezi". Ukiwa na neno la namna hiyo, usilitumie kwenye mshororo wenye mvutano. Msomaji akisita kuhesabu, tukio limepoa.

Idhini ya kishairi itumie kwa ubahili. "Kashika" badala ya "ameshika" haimsumbui mtu, kwani vijana wenyewe husema hivyo. "Yawaka" badala ya "inawaka" ni ya kishairi kidogo lakini inasomeka. Ila kupindua sentensi nzima, au kuchota maneno ya kale ya Kiamu, lahaja ya Lamu, ili tu kukipata kina, kunamfanya msomaji wa Dodoma au Eldoret ahisi amewekewa mtihani wa msamiati. Kama hadithi inatokea Lamu na wahusika wanasema Kiamu, hilo ni sawa kabisa, na wapewe Kiamu chao kizima.

Majina nayo yana uzito. Juma ni mizani miwili, Zawadi mitatu. Emanueli ni mitano, na kila ukimtaja amekula zaidi ya nusu ya mshororo. Mpe mhusika mkuu jina la mizani miwili au mitatu, na usiliweke kwenye kina. Litakulazimisha kutafuta wenzake wa kurimiana kila mara.

Mazungumzo ndiyo sehemu ninayoiona ikivunjika zaidi. "Akasema" ni mizani minne kati ya 32 ya ubeti. Ukiiandika kila mtu anapofungua kinywa, moja ya nane ya hadithi yako imekwenda bure. Kanuni inayofanya kazi ni msemaji mmoja kwa ubeti mmoja, alama za kunukuu, na jina la anayeambiwa mwanzoni:

"Zawadi, hebu simama,
usiangalie nyuma,
mbona kopo linahema?
Fungua hima, haraka!"

Hakuna "akasema", na hakuna atakayeuliza nani anasema. Ubeti unaofuata ni wa Zawadi. Akinyamaza, basi mpe ubeti mzima wa kunyamaza: mikono, kifuniko, macho ya wenzake vitandani.

Kuhusu urefu, ubeti mmoja una maneno 9 hadi 12 hivi. Beti 300 ni kama maneno 3,000. Ukizighani kwa mwendo wa kawaida, sekunde kumi kila ubeti, ni dakika 50, yaani zaidi kidogo ya kipindi kimoja cha dakika 40. Ni saizi nzuri kwa hadithi ya kwanza. Igawe sehemu nane au kumi, kila moja beti 25 hadi 40, na ukate sehemu kabla jambo halijaamuliwa. Kopo likishafunguliwa umechelewa; kata wakati kidole kipo kwenye kifuniko.

Utangulizi wa jadi, dua na kuomba karatasi na wino, unaweza kuubakiza katika ubeti mmoja au miwili ukiwa na jambo la kufanya nao. Msichana anayeandika kwa siri usiku anahitaji karatasi na wino kwelikweli, na dua anaihitaji zaidi. Beti kumi za utangulizi, hapana.

Wengine mtaniuliza kuhusu mashairi huru, yale yasiyofuata vina wala mizani. Tangu mshairi Kezilahabi atoe diwani yake ya mashairi huru, Kichomi, mwaka 1974 tumegombana vya kutosha juu ya vina, na vijana hawana habari na ugomvi huo. Huko Marekani riwaya nyingi za kishairi za vijana hazina vina. Jason Reynolds katika Long Way Down (2017) aliikusanya karibu hadithi yote ndani ya lifti inayoshuka kwa dakika moja, mashairi mafupi mafupi. Mbinu hiyo ya kubana muda inaweza kuchukuliwa. Urefu wa mshororo wao usichukuliwe, maana neno letu moja ni sentensi. "Nilikuambia" peke yake kwenye mstari lina mtenda, wakati, mtendwa na kitendo. Ukirundika maneno matatu au manne kila mstari ukadhani umeandika kwa ufupi, umeandika nathari iliyokatwakatwa.

Ukiandika huru, kata mstari baada ya kitenzi au kabla ya jambo jipya. Usiache "wa", "na" au "kwa" ikining'inia mwisho wa mstari isipokuwa unataka msomaji ashikwe na kigugumizi. Mishata, yaani mstari unaoishia kabla maana haijakamilika, ni silaha, lakini ukiitumia kila mstari haikati tena. Na sikiliza ngeli: "vitabu vyangu vile viwili" imeshajipangia mwangwi mwanzoni mwa kila neno, bure, bila wewe kutafuta kina. Mbili tatu za namna hiyo kwenye ukurasa zinatosha. Zikizidi unatunga vitanza ndimi.

Jambo la mwisho ni la kiufundi na hudharauliwa. Vijana wengi watakusomea kwenye simu. Mshororo wa utenzi unaingia kwenye kioo bila kuvunjika. Mshororo wa shairi la tarbia, lile la mishororo minne mirefu yenye vipande viwili viwili, mizani 16, unavunjika popote, na kina cha kati kinapotea. Kama sehemu fulani umeiandika kwa tarbia, weka kila kipande mstari wake. Tia namba kwenye beti ili anayesoma kwa sauti darasani ajue zamu yake inaanzia wapi.

Kisha mpe mtu wa miaka 15 ambaye hajauona, asome kwa sauti, papo hapo, nawe ushike penseli bila kumsahihisha. Anapojikwaa, weka nukta. Anaporudi nyuma kusoma tena, weka mstari. Anapoharakisha bila kuambiwa, weka duara. Nukta ni mizani au neno gumu. Irekebishe jioni hiyo hiyo. Mstari ni pale msemaji asipojulikana. Miduara iache kama ilivyo, uhesabu iko mingapi katika kila sehemu. Mwalimu wangu wa beti 90 ninamrudishia kazi yake ikiwa na duara moja, ubeti wa 61, pale mvulana anapofuta namba ya dada yake. Aanzie hapo.